«Juu ya» Haitoshi

Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Basi, walimu wenzangu, hatuna budi kukifundisha kirasmi. Hapa Rusizi, jirani na Bukavu, «juu ya» imetwikwa kila mzigo: mahali, habari, hata sababu. Sokoni Kamembe hayo ni mazungumzo halali, na mwalimu amchekaye mtoto kwa hayo hastahili chaki. Lakini katika barua rasmi? «Nimetia saini kwa niaba ya mama» maana yake nimeshika nafasi yake. «Kwa ajili ya mama», nimetaka kumfaa tu. Mbele ya hakimu tofauti hiyo yaweza kumpokonya mtu shamba. Nao wanaodai kwamba «kutokana na» yatosha popote, watueleze: lililotendwa kutokana na sheria na lililotendwa kwa mujibu wa sheria, ni jambo moja?