Maswali ya Wasomaji: Ndege Isiyo na Rubani

SWALI: Msomaji wetu wa Katandala, Sumbawanga, auliza: Twasikia habari za ndege zisizo na rubani zipelekazo dawa. Zaamrishwaje kwa mbali? Na zikimdhuru mtu, dhamana ni ya nani?

JAWABU: Ndege hizi haziendi ovyo. Ndani yake hutiwa mashine ndogo iliyokwisha kufundishwa njia, na kati yake na msimamizi aliye chini hupita mawimbi ya redio: amri huenda, na habari za mahali ilipo, urefu wake na nguvu za betri hurudi. Mawimbi hayo hayana waya, lakini yana mipaka. Aghalabu hutaka njia iliyo wazi. Msimamizi akiwa Sumbawanga, juu ya nyanda za Ufipa, na ndege ikateremka upande wa Muze, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mlima huweza kuyazuia. Hapo hapana budi kusimamisha mnara ukingoni wa kupokea na kupeleka mbele, au kutumia minara ya simu, au setilaiti.

Faida yake imekwisha kuonekana nchini mwetu. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za majaribio ya miezi sita katika Ziwa Victoria, yaliyofanywa na DHL, Wingcopter na GIZ ya Ujerumani. Ndege ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, mwendo wa kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Kwa barabara ni kilomita 240, yapata saa sita. Mzazi anayetokwa na damu hawezi kungoja saa sita.

Ama dhamana, ndege haina akili wala taklifu. Atakayeulizwa ni aliyeituma. Mawimbi yakikatika, hufanya lile tu iliyoamrishwa mapema: kurudi, kuzunguka, au kutua. Basi mtu asiyeweka amri hiyo, kisha akairusha juu ya soko au watoto, hana udhuru wa kusema kuwa mawimbi yalikatika. Wala asiirushe bila ya idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Katika Sura An-Naml twasoma kuwa Nabii Sulaiman (a.s.) aliwakagua ndege wake, akamkosa Hudhud, wala hakulipuuza jambo hilo, bali alimtaka hoja iliyo wazi. Mwenye kutuma humjua aliyemtuma yuko wapi, na kwa kazi gani.

Wallahu aalam.