ANGA LINA PAA, WALALAHOI HAWAKUAMBIWA

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kuna sheria katika nchi hii ambazo mlalahoi huzijua siku moja tu: siku anapoamka na kukuta X nyekundu ukutani kwake. Sheria ya urefu wa majengo karibu na viwanja vya ndege ni mojawapo. Sisi wa Tabora inatuhusu, maana uwanja uko jirani na mji, na mji unatanuka kila uchao.

Tuelewane mapema, wasije wakatubandika jina la wapinga maendeleo. Sheria yenyewe ni nzuri. Ndege haitui kama mwewe. Hushuka taratibu, kwa mteremko mrefu. Kanuni za kimataifa zilizozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinasema kwamba, kwa viwanja vyenye njia ndefu, kitu kinachozidi meta 45 juu ya usawa wa uwanja ndani ya kilometa 4 ni kikwazo. Kwenye mstari wa kushukia kipimo ni kikali zaidi: paa hilo la hewani hupanda meta 1 tu kwa kila meta 50. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Nusu kilometa kutoka mwisho wa njia ya kurukia, paa hilo halifiki meta 9. Nyumba ya ghorofa mbili yenye tanki la maji juu yake tayari imeligusa. Mnara wa simu usiseme. Hata mwembe mkubwa, wa aina ile tuliyoachiwa na misafara ya Bagamoyo na Ujiji, unaweza kuwa kikwazo.

Tena mji wetu uko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Jua la Oktoba likiwaka hewa huwa nyepesi, na ndege iliyojaa hupanda kwa taabu. Injini ikigoma hapo, rubani hana nafasi ya kukwepa ghorofa la mtu.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni aulize Goma. Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapitiliza na kuingia mtaa wa Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Novemba 2019 ndege nyingine ikaanguka juu ya nyumba za watu mara tu baada ya kuruka. Mji ukiubana uwanja, hafi aliyekata tiketi peke yake.

Basi ugomvi wetu uko wapi? Uko kwenye utekelezaji. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayotakiwa kuidhinisha urefu wa majengo na minara karibu na viwanja. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri. Katikati yao mwananchi ni mpira wa chandimu. Masikini wa Mungu anauza tumbaku misimu mitatu, ananunua kiwanja, anachimba msingi, hakuna anayemnong'oneza kitu. Bwana afya anapita, mtendaji anapita, wa kodi anapita na kodi anapokea. Nyumba ikishaezekwa ndipo sheria inapoamka usingizini! Kigogo yeye hahangaiki. Anajua mlango wa kugonga.

Unyanyembe hii inalijua neno hongo tangu enzi za misafara. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru: msafara ulimlipa mtemi vitambaa na shanga, mchana kweupe, ukapewa njia. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, kila mtu alijua nani kaifunga na kwa nini. Hongo ya leo hulipwa gizani. Ofisa anayepokea bahasha ili ghorofa lipande kupita kipimo anauza njia ya ndege pamoja na roho zilizomo ndani yake. Watemi hawakufika huko.

Na msituambie fidia itakuja. Wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, Dar es Salaam, walifanyiwa tathmini mwaka 1997 ili wapishe upanuzi wa uwanja wa ndege. Wa Kipunguni walivuka miaka 20 bado wakidai. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tathmini alifika umri wa kuoa, baba yake hajaona senti!

Tunachodai si kikubwa. Kwanza, ramani ya paa hilo la hewani ibandikwe kila ofisi ya kata inayohusika, kwa Kiswahili, ikionyesha mtaa kwa mtaa mwisho ni meta ngapi. Pili, aliyejenga kabla ya kuambiwa alipwe kwanza, avunjiwe baadaye. Tatu, aliyejenga kwa kibali kisichostahili, ofisa aliyekisaini ajibu mahakamani. Nne, mnara wa kampuni, ghorofa la mkubwa na kibanda cha mlalahoi vipimwe kwa futi moja.

Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo haihitaji mkopo wa wafadhili. Hata hiyo ikishindikana, msomaji, ujue wapo wanaoneemeka kwa sisi kutojua.