MAHINDI YAPIMWE GULIONI, SI MPAKANI TU

Tarehe 5 Machi, mwaka 2021, mamlaka inayosimamia kilimo na chakula nchini Kenya iliiandikia barua idara ya forodha ya nchi hiyo, ikiamuru mahindi yatokayo Tanzania na Uganda yasiingie tena, kwa kuwa yamekutwa na sumukuvu kupita kiasi. Malori yakapangana mpakani. Wakulima na wafanyabiashara wetu wakapiga kelele, nao walikuwa na haki ya kupiga kelele, maana katazo lile lilikuja bila ya kubisha hodi. Baada ya siku chache njia ikafunguliwa tena kwa masharti: waagizaji waandikishwe, mzigo uwe na hati ya mahali ulikotoka, na cheti kionyeshe kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja.

Kulisemwa mengi siku zile juu ya biashara na ujirani mwema. Lakini liko swali moja ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ndilo tunaloliuliza leo. Mahindi yakikataliwa mpakani, huenda wapi? Mwenye lori hatupi mali yake jalalani kwa kuambiwa tu kwamba haifai. Mzigo ukikataliwa na mnunuzi mwenye kipimo, humtafuta mnunuzi asiye na kipimo. Na mnunuzi asiye na kipimo ni mfanyakazi wa kiwandani anunuaye kilo mbili za unga jioni, ni mama lishe, ni mpishi wa shule. Kwa maneno mengine, kipimo kikiwa mpakani peke yake, humlinda mlaji wa nchi ya pili, na sumu hubaki kwa mwenye nchi.

Wala hatusemi haya kwa kukisia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 20 kati yao wakafa. Walianza kwa kutapika na kuumwa tumbo, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, na wengi walikuwa watoto wa wakulima waliokula mavuno ya shamba la baba yao. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, jirani zetu wa Kenya katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika walipatwa na msiba mkubwa zaidi: wagonjwa 317, waliokufa 125. Wapelelezi walipokwenda masokoni wakachukua sampuli 350 za mahindi na unga, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa wakati ule, ambacho kilikuwa sehemu 20 katika bilioni, na katika kila mia moja, saba zilipita sehemu 1,000. Yale hayakuwa mahindi ya ghala la siri. Yalikuwa sokoni, yanapimwa kwa kibaba na kuuzwa.

Hao ni wale waliokufa kwa haraka, na kwa hiyo walihesabiwa. Sumukuvu ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Huyo hafi kwa siku moja na jirani zake, wala gazeti halimwandiki.

Yafaa tueleze adui huyu ni wa namna gani. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus hukaa udongoni. Jua likichoma sana mahindi yakiwa shambani, au mdudu akiitoboa punje, au mahindi yakivunwa na kuwekwa kabla ya kukauka, kuvu huingia na kutoa sumu. Ulimwengu uliijua vizuri baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiui. Punje ya kijani yenye ukungu ni dalili mbaya, lakini punje nyeupe safi si ushahidi wa usalama. Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubali desturi ya magulio yetu, ambapo mnunuzi huchota kiganja, huuma punje kwa jino, husikia inalia “ka!”, kisha hutoa fedha. Jino laweza kujua ukavu, sumu hailijui.

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo pana ugumu ambao watu wengi hawaufikirii. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni kwa sumukuvu yote kwa jumla, na 5 kwa ile aina kali kuliko zote. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Msomaji atauliza, sehemu 10 katika bilioni ni kitu gani? Ni kama punje kumi tu katika shehena ya malori kumi ya tani thelathini thelathini. Na sumu haikutandazwa sawasawa katika gunia. Punje chache sana huibeba karibu yote, na moja iliyooza sana yatosha kuiharibu kilo nzima. Kwa hiyo mtu achotaye kiganja juu ya gunia la kwanza akakuta salama, hakupima kitu. Amepiga bahati nasibu. Bambo lazima lipigwe katika magunia mengi, juu, katikati na chini. Kwa shehena ya magunia 400 yasipungue 20. Yaliyotolewa yachanganywe, yasagwe yote, kisha ndipo unga ugawanywe na kupimwa. Kosa kubwa katika kazi hii kwa kawaida halitoki maabara. Hutoka kwa aliyeshika bambo, hasa kama ana haraka, au kama mwenye mzigo amemwonyesha magunia ya kuchoma.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Uko ukanda mdogo wa kupimia, mfano wa ule wa kupimia malaria. Unga hutikiswa katika kimiminika chenye spiriti, huchujwa, ukanda huchovywa, na baada ya dakika chache mashine ndogo ya kushika mkononi husoma kiasi. Kijana aliyemaliza shule aweza kufundishwa kazi hiyo. Maabara kubwa ibaki kuwa hakimu pale penye ubishi.

Twajua wako watakaosema kwamba hofu kubwa si kuvu, bali ni mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Jambo hilo lina uzito wake, nasi hatulidharau. Mwaka 2002 Zambia, ikiwa na njaa, ilikataa msaada wa mahindi ya namna hiyo. Serikali yetu iliagiza mwaka 2018 majaribio ya Makutupora, Dodoma, yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe, na Januari 2021 Waziri wa Kilimo akatangaza kwamba majaribio hayo yamefutwa. Kenya nayo iliyakataza mahindi hayo mwaka 2012, ikaondoa katazo Oktoba 2022, na mabishano yakahamia mahakamani. Nchi ikiwa imechagua njia yake, ina haki ya kujua kama njia hiyo inafuatwa, na hapana njia ya kujua pasipo kupima. Marekani yenyewe ilijifunza hayo mwaka 2000, mahindi yaitwayo StarLink, yaliyoruhusiwa kwa chakula cha mifugo tu, yalipokutwa katika chakula cha watu madukani. Bidhaa zikarudishwa kwa wingi, na makampuni ya nafaka yakalazimika kupima shehena baada ya shehena.

Kwa kipimo hicho nacho uko ukanda, tena wa rahisi: punje husagwa, hutiwa maji, na mstari hutokea kama protini inayotafutwa imo. Lakini kila ukanda hutafuta protini yake. Ukanda wa kutafuta mahindi yanayoua mdudu hautaona mahindi yanayovumilia dawa ya magugu. Anayetaka uhakika zaidi hana budi kupima vinasaba vyenyewe katika maabara, na gharama hupanda.

Hata hivyo mambo haya mawili yasichanganywe. La vinasaba ni la sheria, la mbegu na la nani awe mwenye mbegu. Watu wenye akili wanabishana juu yake na wataendelea kubishana. La sumukuvu halina mabishano: makaburi yapo. Tena, kusema kweli hata pale isipotupendeza, mahindi yaliyobadilishwa ili mdudu asiyatoboe yameonekana mara nyingi kuwa na kiasi kidogo zaidi cha sumu ya kuvu ya aina nyingine, iitwayo fumonisini, kwa sababu punje hazina matundu. Hatusemi hayo ili kuyapigia debe. Twasema kwamba “ya asili” si neno lenye maana ya “salama”, na mtu asidhani kwamba kwa kuyakataa ya kigeni amekwisha kujilinda na yaliyomo kihengeni mwake. Fedha zikiwa chache, na ni chache, za kwanza ziende kwenye kuvu.

Kazi nzuri imekwisha kuanza, wala si haki kuinyamazia. Ulianzishwa mpango wa Taifa wa kudhibiti sumukuvu, uliopata fedha kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika. Tangu mwaka 2018 imeandikishwa nchini dawa ya Aflasafe, ambayo kwa kweli ni kuvu isiyo na sumu, humwagwa shambani ikachukua nafasi ya ile yenye sumu. Lakini mkulima aanikaye mahindi kwenye udongo kwa kukosa turubai, akauza kwa dalali siku ya pili kwa sababu ya ada ya shule, hajaguswa na mpango huo mpaka atakapoona tofauti ya bei. Leo mahindi makavu na mahindi mabichi hununuliwa bei moja gulioni, tena mabichi ni mazito na yana faida. Nani basi atakausha?

Kwa hiyo twataka mambo haya. Kila chama cha ushirika chenye ghala kiwe na bambo, turubai, kipima unyevu na ukanda wa sumukuvu, na awepo mtu aliyefundishwa kuvitumia. Mahali ambapo kipima unyevu hakijafika, chumvi kavu na chupa kavu zitumike: mahindi hutiwa chupani pamoja na chumvi, hutikiswa, na chumvi ikigandamana na kioo mahindi bado ni mabichi. Bei ya yaliyopimwa ipite bei ya yasiyopimwa, na jambo hili laweza kuanzishwa na wanunuzi wakubwa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akiwa wa mbele. Shehena ikikataliwa, iandikwe katika daftari na ifuatwe mpaka mwisho wake ujulikane. Asidhani mtu kwamba amemaliza kwa kuipeleka pumba kwa ng’ombe, maana sumu hutoka tena katika maziwa anayonyweshwa mtoto. Na mkulima ambaye mzigo wake umekutwa na sumu pasipo hila yake asiachwe abebe hasara peke yake, ama sivyo atauficha, nasi tutaula.

Nanyi wafanyakazi, mnao uwezo ambao mkulima mmoja hana. Katika viwanda na makarani ya bandari, kila palipo na jiko la pamoja, unga hununuliwa kwa magunia na kwa mkataba. Matawi ya chama cha wafanyakazi na yaombe kuona cheti cha kipimo cha unga huo kabla mkataba ujao haujatiwa sahihi. Mwenye kuuza akisema hana cheti, aulizwe mahindi yake aliyanunua ghala gani, na nani alipiga bambo.