Kahawa ni yetu, waonjaji watoke wapi?

Ndugu Mhariri,



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, Wilaya ya Moshi. Chuo cha ualimu nililipiwa kwa kahawa ya kihamba cha baba. Mwezi uliopita kijana niliyepata kumfundisha, sasa amemaliza kidato cha nne, aliniuliza: "Mwalimu, mtu anafanyaje mpaka awe mnunuzi wa kahawa mnadani?" Nikamwambia asome kwa bidii. Aliitikia "haya, Mwalimu" akaenda zake. Alijua kuwa sijui.

Niliona aibu, nikamwendea mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo mjini. Kumbe wengi wao hawakuanzia kwenye kiti cha kuzunguka. Walianzia ghalani, wakichota sampuli maguniani na kujifunza madaraja, AA, AB, PB na mengineyo. Kisha mezani pa kuonja. Kahawa hukaangwa, husagwa, humwagiwa maji ya moto, huachwa dakika kama nne, halafu huvutwa kwa kijiko kwa kishindo na kutemwa. Vikombe kwa vikombe, miaka, mpaka ulimi utambue iliyochacha na iliyoingia ukungu. Wengine huanzia kwenye hati za meli. Baadaye ndipo mtu hukabidhiwa fedha ya kununulia, na kila siku hutazama bei ya New York, maana arabika hupimwa kwa bei ya huko.

Ndugu wasomaji, bei hiyo si jambo la mbali. Februari 2025, baada ya ukame wa Brazili wa 2024, ilivuka dola 4 kwa ratili. Wakati huo sisi tulikwisha kuuza karibu yote. Hakuna hata mmoja kijijini aliyekuwa akiifuatilia.

Niliwauliza watoto darasani wanataka kazi gani. Mwalimu, daktari, askari, rubani. Hakuna aliyetaja kahawa, na nyuma ya darasa ni mibuni mitupu. Siwalaumu, mimi mwenyewe nyumbani nakunywa chai.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya wenye digrii. Digrii ni njema, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa Moshi, kama ilivyo Bodi ya Kahawa. Lakini ulimi haufundishwi kwa daftari. Naomba vyama vya ushirika na makampuni ya kahawa yachukue kila msimu vijana wachache wa kidato cha nne wawe wanagenzi mezani pa sampuli, kwa posho ndogo. Na nafasi hizo zibandikwe kwenye ofisi za vijiji, zisinong'onezwe kwa ndugu na marafiki.

Kijana wangu yuko kwao, anapalilia kahawa ya baba yake. Nikiambiwa pa kumpeleka nitashuka naye mwenyewe, nauli ninayo.

Mwalimu wa Kijijini,
Moshi.