Pikapu kuukuu zirudishiwe kimo chake

Ukisimama kando ya barabara hapa Nyakarenzo, wilayani Rusizi, hutakaa muda mrefu kabla hujaona pikapu ya zamani iliyoinuliwa nyuma kama jogoo anayetaka kupigana. Ikiwa tupu, mkia uko juu na pua iko chini. Ikipakiwa ndizi, mihogo au saruji, ndipo inakaa sawa, na mwenye gari hujisifu kwamba springi zake ni imara.

Sifa hiyo ndiyo ninayotaka kuihoji leo.

Jirani yangu ana Toyota Hilux ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipoamua kuirudishia kimo chake cha asili, alizunguka gereji tatu akiuliza kipimo. Fundi wa kwanza alimwambia kipimo ni jicho. Wa pili alimshauri aongeze bamba jingine la springi. Wa tatu, mzee mwenye mvi, alimwuliza: "Mwanangu, namba ya modeli unaijua?"

Kwa maoni yangu, huyo wa tatu ndiye aliyekuwa fundi. Hakuna kipimo kimoja cha "Toyota". Hilux ya wakati ule yenye modeli LN106, inayovuta kwa magurudumu manne, ina springi za mabamba mbele na nyuma, lakini dada yake anayevuta kwa magurudumu mawili ameundwa vingine mbele. Pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 nayo ilibadilishwa mwaka 1999, springi za mbele zikawa za kuviringisha. Bila kusoma kibati cha modeli na kutafuta kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo, tunabahatisha.

Msomaji atauliza, sentimita chache zina ubaya gani? Katika pikapu nyingi za Toyota kuna valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli. Mzigo ukishusha bodi, fimbo husukumwa, na valvu huongeza nguvu ya breki za nyuma. Bodi ikiinuliwa kwa mabamba ya ziada, valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za nyuma hulegea, za mbele hubeba kazi yote na kupata moto.

Sasa fikiria gari hilo likiteremka kwenda bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya nchi yetu, likiwa na watu juu ya magunia. Ajali ikitokea tutasema breki zilikatika. Kumbe tulizipunguza wenyewe gereji.

Najua jibu la wenye magari: springi za kiwandani hazibebi mizigo yetu. Ni kweli, hazikutengenezwa kubeba tani mbili. Basi ugonjwa ni mzigo, na dawa yake ni safari mbili. Anayelazimika kuongeza bamba, fundi wake airekebishe na valvu hiyo, pamoja na taa.

Mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, mwenye gari apime: gari tupu, mahali tambarare, tairi za saizi ya asili zenye upepo sahihi. Apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, kisha alinganishe na kitabu cha modeli yake. Upande mmoja ukipungua, springi imechoka.

Pili, ukaguzi wa magari ulio chini ya Polisi ya Taifa uangalie kimo na ile fimbo ya valvu. Gari likipimwa tupu, kasoro hii hujificha.

Tatu, waagizaji wa magari na vyuo vya ufundi wabandike majedwali ya vipimo ukutani, kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda tangu 2017, na mafundi wa Kamembe, Bukavu na Uvira wanaelewana kwa lugha hiyo kila siku.

Hilux ya jirani yangu sasa imekaa chini kidogo, na vijana wanaicheka. Lakini jana ilishuka Bugarama na kurudi salama.