Mwenye Kujitolea Naye Ahesabiwe

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu ukaingia majumbani, watu wakiwa wamelala. Mvua za usiku ule ziliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi. Ndugu zetu askari walipopelekwa kuokoa, walifanya kazi pamoja na watu wasio na amri ya mkubwa yeyote wala mshahara wa mwisho wa mwezi, nao ni wanachama wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu.

Askari anajua deni hilo ni la zamani. Chama hicho chenyewe kilitokana na vita vya Solferino, huko Italia, mwaka 1859, ambapo Henry Dunant aliwaona majeruhi wakitupwa bila tabibu, akawaomba wanavijiji wawahudumie wote pasipo kuuliza walipigania upande gani.

Mwenye kujitolea hapati hasara tupu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, watu wa Goma wakavuka mpaka usiku kuingia Gisenyi, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba za mji huu. Wakati kama huo, aliyefundishwa kufunga mfupa uliovunjika huwa mtu wa maana mtaani kwake, na elimu hiyo hanyang'anywi.

Lakini wako wakubwa wa vyama vya msaada wasemao eti shukrani zatosha. Sisi hatukubali. Hatusemi alipwe mshahara, maana hapo atakuwa mwajiriwa kama wengine. Twasema apewe mabuti kabla hajaingia topeni, nauli, chakula cha siku aliyoliacha shamba lake, na bima ya kumtibu akiumia. Askari akivunjika mguu kazini ana hospitali yake. Huyu je, arudi kwa mkewe na cheti?

Liko na jambo lingine ambalo ninyi mnalifahamu kuliko sisi. Aliyefukua maiti ya mtoto matopeni halali usingizi. Jeshini yuko mwenzake wa kuzungumza naye kambini. Mwenye kujitolea huvua kizibao, akakirudisha ghalani, akaenda zake peke yake. Chama kinachomwita siku ya maafa kisipomtembelea wiki ya pili, kimemtumia tu.

Kwa upande wa polisi, wapo vijana wa kujitolea wanaoshirikiana nao tangu 2013, ambao mwaka 2020 walisimama masokoni kuwahimiza watu kunawa mikono wakati wa UVIKO. Tunawaomba maofisa wasiwageuze watarishi wa kutumwa chai.

Na jioni, kamanda anapowahesabu watu wake baada ya kazi ya uokoaji, awahesabu na hao pia: nani amerudi, nani ameumia, nani hajala tangu asubuhi.