Kampuni ya bima ikianguka, mdhamini wako ndiye anaumia

Wenye maduka wenzangu, kulipia bima ni kitu kimoja, kulipwa ni kingine. Hapa Kenya Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2011, Resolution 2022, Invesco 2024. Msimamizi akiingia, malipo yanasitishwa. Wewe uliyekuwa mteja unageuka mdai, unapanga foleni na wengine.

Sasa chukua mfano. Umekopa sacco ukajaza stoki ya 800,000, rafiki akakudhamini. Duka linaungua, na kampuni ya bima nayo imeanguka. Kuna hazina ya kufidia wenye bima, inaitwa PCF, na wengi huichangia bila hata kujua: ni 0.25% ya pesa unayolipia bima, yaani shilingi 50 kwa kila 20,000. Lakini hazina hiyo hulipa hadi 250,000 tu kwa dai moja. Zile 550,000 utazidai kwa msimamizi au mfilisi, na huko ni kungoja, tena kama kuna kitu kimebaki.

Je, sacco itangoja? Wapi! Mkopo ni wako, si wa bima. Ukishindwa wanaenda kwa mdhamini, wanakata akiba yake. Akishalipa, sheria inampa haki zile zile sacco ilikuwa nazo juu yako. Anakudai wewe. Kwa kampuni ya bima hana jina kabisa, hata foleni hayuko. Urafiki wa miaka unaishia kwa chifu.

Mimi naona hiyo 250,000 ni kidogo mno. Mwenye kibanda pengine atainuka nayo, lakini mwenye duka la jumla, aah.

Orodha ya kampuni zenye leseni hutolewa na IRA, iangalie, lakini isikutoshe. Hizo tatu pia zilikuwa na leseni. Uliza sokoni nani alilipwa na alingoja muda gani. Ukisikia kampuni yako imewekewa msimamizi, andika dai lako mapema, weka nakala za hati ya bima na risiti za stoki. Mwambie mdhamini siku hiyo hiyo, muende pamoja sacco kuomba mkopo upangwe upya kabla akiba yake haijaguswa.

Na wewe ukiombwa kudhamini mtu, usiulize tu kama stoki yake ina bima. Uliza ni ya kampuni gani, akuonyeshe risiti.